Kinachobaki Filamu Ikiingia Kwenye Simu

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, Unguja Mjini

Assalaam alaykum. Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazee mlioacha baraza zenu mkaja kutusikiliza, na nyinyi vijana wa kamera. Mwenye ratiba ameshanitupia jicho, kwa hivyo salamu nazikata hapo.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa michezo ya redio. Nimeanza kuandika zamani, wakati bahari nzima ilikuwa beseni la maji na kijana mmoja akilikoroga kwa mkono mbele ya maikrofoni. Basi nikiwaambia kwamba hadithi ndiyo mpango mzima, mtasema mwamba ngoma huyo, ngozi anaivutia kwake. Naam, naivutia kwangu. Nanyi mtavutia kwenu wakati wa maswali.

Mmeniletea suala moja: kwa nini hizi filamu kubwa za sayansi ya kubuni, za anga za juu na viumbe wa sayari nyengine, zinapendeza machoni kiasi hichi na hadithi zake ni nyepesi kiasi kile? Nitaichukua Avatar. Nikichukua ndogo mtasema nimeonea, kwa hivyo nimechukua kubwa yao. James Cameron aliitoa Disemba 2009, na mpaka leo hakuna filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko hiyo: zaidi ya dola bilioni 2.9, ukihesabu na mara ilizorudishwa kwenye kumbi za sinema.

Kwa wazee ambao hawakuiona, mambo yalikuwa hivi. Jake Sully ni askari wa Kimarekani aliyepooza miguu. Anapelekwa Pandora, mwezi wa mbali wenye misitu inayong'aa usiku na milima inayoelea hewani, ambako kampuni ya wanaadamu inachimba jiwe la thamani. Wenyeji wa huko ni Wana'vi, watu wa rangi ya buluu wenye urefu wa kama mita 3. Wataalamu wana ufundi wa kuitia akili ya mtu ndani ya mwili wa Kina'vi uliooteshwa maabara. Jake anaingizwa ndani ya mwili kama huo akawapeleleze wenyeji. Anampenda Neytiri, binti wa mkuu wa ukoo, anageuka, anawaongoza wenyeji vitani, wanaadamu wanafukuzwa. Basi. Saa mbili na dakika 42, na mtoto wa skuli angekwambia mwisho wake kabla hujamaliza bisi zako.

Tuwape haki yao kwanza, maana ufundi wa mle ndani si mchezo. Waigizaji walivaa nguo za kubana zenye alama mwili mzima, na kila mmoja kichwani amefungwa kijikamera kinachomtazama usoni, kinarekodi kila anapokaza mdomo na kila jicho linapocheza. Ukumbi wenyewe mtupu, kuta na mabomba tu. Lakini Cameron ameshika skrini mkononi, na ndani ya skrini ile anawaona tayari ni watu wa buluu wamo msituni. Kisha kazi inakwenda Wellington, New Zealand, kwa mafundi wa Weta, ambao wanaukamilisha msitu jani kwa jani, picha 24 kwa kila sekunde moja. Hata lugha ya Kina'vi ilitungwa na mtaalamu wa isimu, Paul Frommer, ikawa na sarufi yake. Lugha ikapata mtaalamu. Cha kusema kwa lugha hiyo hakikupata.

Mnadhani ni ukorofi wangu? Katika tuzo za Oscar za Machi 2010 filamu ile iliteuliwa kuwania tuzo 9. Ikachukua 3: upigaji picha, usanifu wa mandhari, na madoido ya picha. Katika yale majina 9, uandishi wa skripti haumo. Uigizaji haumo. Hata wenzao wa Hollywood, wanaopenda fedha kuliko mimi, walijua nini kimo na nini hakimo.

Sasa niwaulize nyinyi: mliiona wapi?

Si hapa. Hapa Unguja mtu angeivalia wapi miwani ya kuonea picha zinazokutokea usoni? Majestic pale Vuga, Empire, Sultana, Cine Afrique, zote zilikuwa zimeshazima taa zake kama kumbi za sinema. Mliiona sebuleni kwa CD ya kununua mtaani, au kwenye kibanda cha video, na walio wadogo zaidi mmeiona kwenye simu, mmelala kitandani, sauti mmepunguza ili mama asisikie. Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ule mlima unaoelea, uliokula kazi ya mamia ya watu, kwenye simu yako ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Msitu unaong'aa ni vumbi la rangi. Filamu imekufikia imevuliwa nguo zote ilizonunuliwa kwa mamilioni ya dola, na kilichobaki mbele yako ni watu wachache wanaosemeshana. Kwa hivyo mtazamaji wa Kwahani au wa Wete, msimdharau, ni hakimu mkali kuliko yule aliyekaa mbele ya skrini kubwa huko London. Yule mwenzake amelewa. Huyu hajalewa.

Waulizeni wazee waliokaa mstari wa mbele hapa kuhusu Awaara. Filamu ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe, ikifika kwetu mkanda wenyewe umeshakwaruzwa njiani. Hakuna mlima unaoelea. Kuna hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, kuna kijana amesimama kizimbani kwa kutaka kumuua hakimu huyo, na kijana yule ni mwanawe mwenyewe wa kumzaa. Mwanahistoria wa Kimarekani, Laura Fair, alipokuja kuwahoji watazamaji wa zamani wa Unguja na bara, miaka mingi baadaye, Awaara ilikuwa bado inazungumzwa. Naona mzee mmoja pale anatikisa kichwa na midomo inamcheza, ameshaanza kuimba. Sasa nionesheni kijana mmoja wa hapa aliyekesha barazani akibishana iwapo Jake Sully alifanya sawa au hakufanya. Hakuna, kwa sababu hakuna cha kubishania.

Na kuna jambo jengine la kwetu ambalo wasomi wa filamu hulipita kwa haraka. Kwenye vibanda vya video kulikuwa na watafsiri, watu kama Lufufu, waliokuwa wakisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Walikuwa hawatafsiri tu. Adui asiyekuwa na sababu, wanampa sababu. Mke aliyekaa kimya, wanamtilia maneno, na maneno yenyewe ya uchungu kweli. Pakipoa wanatia mzaha. Watu walikuwa wanalipa kiingilio ili waongezewe hadithi ambayo kiwanda cha Hollywood kilisahau kuitia. Mimi naiheshimu kazi ile, ingawa wenye haki za filamu wangetaka kunipiga.

Mtasema: lakini mzee, hadithi nyepesi si kosa, ngano zetu nazo ni nyepesi. Kweli. Sungura na Fisi hawana mambo mengi. Lakini katika ngano mtu hulipa. Anayevunja sharti la jini analipa, anayepata anatoa. Katika Avatar, Jake Sully analipa nini? Anapata miguu. Anapata mke. Anapata ndege mkubwa kuliko wote, anapata uongozi wa watu waliomzidi umri na elimu. Anachokiacha ni mwili alioukataa na dunia aliyoichoka. Hiyo si hadithi, hiyo ni bahati nasibu.

Na la kuuma ni kwamba bei ilikuwemo mle mle, wakaikanyaga wakapita. Kumbukeni mwanzo wa filamu. Jake alikuwa na pacha, msomi, ameuliwa. Tunaiona maiti yake ndani ya sanduku la makaratasi magumu, inasukumwa tanuruni, na Jake amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu anatazama. Ule mwili wa buluu anaokuja kuuvaa ulioteshwa kwa vinasaba vya pacha wake. Ndiyo sababu yeye akachukuliwa, kwa kuwa damu yao ni moja. Yaani mtu anauvaa mwili ulioandaliwa marehemu nduguye! Bibi yeyote wa Makunduchi ukimsimulia hapo angekusimamisha. Angeuliza: na huyo ndugu amesemaje? Hakuja ndotoni? Akijitazama majini haoni sura ya nduguye? Filamu inalitolea jambo hili dakika chache, kisha pacha hatajwi tena ila kwa kupita. Dola milioni 237 za bajeti, kama ilivyotangazwa, na hapakupatikana mtu wa kuuliza suala la bibi wa Makunduchi.

Kuna pahala pamoja tu ambapo picha na hadithi zimefunga ndoa, nami nitawasomesha pahala hapo mpaka nife. Jake anaamka mara ya kwanza ndani ya mwili mpya. Wataalamu wanamwambia tulia, asitulie. Anazing'oa nyaya, anatoka nje mbio, anapita kwenye shamba la chakula, na ghafla anasimama. Kamera inateremka miguuni. Vidole vinajichimbia kwenye udongo, taratibu. Hasemi neno la maana. Udongo ule umetengenezwa kwa kompyuta na vidole vile vimetengenezwa kwa kompyuta, lakini mimi nimekaa sebuleni na koo limenikaza, kwa sababu nimeshaiona ile miguu yake ya kweli iliyokonda juu ya kiti. Hapo ufundi wote wa Wellington umekuja kumtumikia mtu mmoja. Hata kwenye simu, vidole vile vinaonekana.

Lile jiwe sasa. Bosi wa kampuni analiinua mezani na kusema kwamba linauzwa dola milioni 20 kwa kilo, basi, imetosha. Linafanya kazi gani? Nani analihitaji? Hatuambiwi. Sisi watu wa visiwa vya karafuu hatuwezi kudanganywa hivyo. Sisi tunajua zao likiwa na bei linafanya nini ndani ya nyumba: nani amepanda mti akaanguka, nani amelala juu ya jamvi kulinda, nani anataka kuvusha gunia usiku kwenda Mombasa na harufu inamsaliti kabla hajafika pwani. Karafuu ina watu. Jiwe lile lina bei tu.

Filamu ya pili, The Way of Water, ya mwaka 2022, ilituhusu zaidi, maana ni ya watu wa bahari. Hapo nilikaa kitako. Waigizaji walizamishwa kweli ndani ya tangi kubwa, bila ya mitungi ya hewa, kwa kuwa mapovu yangeharibu kurekodi. Juu ya maji wakamwaga vijipira vyeupe ili taa za juu zisitie mng'aro chini. Walifundishwa kuzuia pumzi, na Kate Winslet alifika zaidi ya dakika 7. Wapiga mbizi wetu wa Nungwi nadhani wangemwita aje wapime naye. Na maji yale, wallahi, ni maji. Mtu aliyekulia pwani anajua maji ya uongo, na yale si ya uongo.

Tena safari hii kuna anayelipa: Neteyam, mtoto mkubwa wa Jake, anakufa, na mamake anapiga ukelele ambao haukuhitaji kompyuta yoyote. Yumo na Payakan, mnyama wa baharini aliyefukuzwa na wenzake kwa kuvunja mwiko wa kuua. Huyo ana hadithi kuliko wanaadamu wote wa mle ndani. Lakini tazameni walichofanya kwa adui. Kanali Quaritch, aliyechomwa mishale miwili na Neytiri tukamwona amekufa, amerudi! Kumbukumbu zake zilihifadhiwa, zikatiwa kwenye mwili wa buluu. Ukishamfufua adui kwa sababu skripti inamtaka, umeshayapunguza bei mauti yote. Nilipomwona Neteyam anazikwa, kijana wangu aliyekaa pembeni alinambia, "Usilie, watamrudisha." Sikuwa na jibu. Na katikati ya hapo watoto wanakamatwa, wanaokolewa, wanakamatwa tena, mpaka yule mdogo mwenyewe analalamika kwamba amefungwa tena. Saa tatu na dakika 12. Ya tatu naiacha, mwenye ratiba asije akanifunga mimi.

Msinielewe kwamba natukana teknolojia. Mwaka ule ule wa 2009 ilitoka District 9 ya Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, kwa bajeti ya kama dola milioni 30. Chombo cha viumbe wa anga kimesimama juu ya Johannesburg, viumbe wenyewe wametiwa kwenye mabanda, na serikali inataka kuwahamisha. Kila mwenye kuijua historia ya District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa eneo la weupe watupu wakaazi wakaondolewa, anajua kinachosemwa. Wikus, karani anayesimamia uhamishaji, anachoma mayai ya viumbe wale na kuchekea mlio wake yakipasuka. Kisha anarukiwa na umajimaji, na mkono wake unaanza kugeuka mkono wa kiumbe. Angalieni kazi ya kompyuta hapo. Haikuja kutupamba. Kila mkono unapozidi kugeuka, waliokuwa wenzake wanamtaka kwa kumpasua, mkewe anampotea, na yule aliyemcheka anakuwa ndiye mwenyeji wake. Filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar 4, na miongoni mwake ni skripti.

Na mwaka huo huo, jirani zetu wa Kenya. Wanuri Kahiu, filamu Pumzi, dakika kama 20 hivi. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Umeme wanauzalisha wao wenyewe kwa mazoezi, mkojo unasafishwa ukawa maji ya kunywa, ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, analetewa udongo ndani ya kijisanduku, hauna jina la mtumaji. Anatia mbegu, mbegu inaota. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Anatoroka, anatembea jangwani, anapanda mche ule, anaupa maji yake ya mwisho, kisha anajilaza pembeni yake na kitambaa akaufanyia kivuli. Mwenye kuchukua dakika 20 akafanya hayo, na mwenye kuchukua saa tatu na mamilioni yote yale, nani amekuoneshea dunia mpya? Sitajibu, nyote mna macho.

Hata hii milima inayoelea si mipya kwetu. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima hewani mwaka 1951, Kusadikika, gharama yake wino. Hakupoteza kurasa kutuonesha inavyoelea. Alituingiza barazani, akamsimamisha Karama kwenye kesi ya maisha yake, na kesi hiyo ikatuletea wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kwa nchi yao na malipo yao yakawa gereza. Baada ya hapo nani anauliza nchi inashikiliwa na nini?

Niwageukie nyinyi sasa, maana nimezitazama filamu fupi mlizoleta. Karibu zote zinaanza na droni juu ya Forodhani. Maji ya buluu, jahazi, jua linazama, muziki wa kinanda. Zinapendeza. Lakini jahazi lenye tanga jipya ambalo halikukalafatiwa linapendeza bandarini tu. Na mimi filamu hizo nilizijaribu kwenye simu, nikaona dakika moja na nusu ya rangi ya buluu halafu watu wawili wanaogombana bila ya sababu.

Mnataka sayansi ya kubuni ya hapa? Nendeni Paje au Jambiani maji yakitoka, mkawatazame kina mama wa mwani. Kilimo kile kilishika kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa maji ya kina kifupi yamekuwa moto kiasi kwamba ile aina yenye bei nzuri inakufa. Wenye utaalamu wanasema wapande kwenye kina kirefu zaidi. Wengi wao hawajui kuogelea. Sasa songezeni miaka mbele. Kampuni inakuja na mwili wa kukopesha: unalala kwenye kibanda, akili yako inaingia ndani ya mwili unaopumua majini, unakwenda kulima chini kabisa. Malipo mazuri. Lakini kila unaporudi kuna kitu hukikumbuki. Jana ilikuwa njia ya kwenda kisimani. Leo ni jina la mtoto wa mwisho, na mtoto mwenyewe amesimama mlangoni anakungoja umwite. Kesho bamvua, siku ya malipo makubwa. Utakwenda?

Na tazameni gharama yake. Bahari ya chini huhitaji kuionesha kabisa. Unahitaji chumba kimoja, kitanda cha kamba, mwigizaji anayejua kunyamaza, na mtoto mlangoni. Mimi ningeweza kuifanya redioni na beseni langu.

Basi kazi niliyokubaliana na walimu wenu ni hii. Kwa wiki mbili kamera na droni zitakaa kabatini na ufunguo ninao mimi. Kila mmoja aandike hadithi ya ukurasa mmoja ya wakati ujao, itokee Unguja au Pemba, na atuambie nani analipa na analipa nini. Mtasomeana kwa sauti, taa zimezimwa. Atakayefika mwisho na wenzake bado wanataka kujua kilichofuata, huyo ndiye atakayepewa droni wa kwanza, na aitumie anavyotaka.

Maswali sasa. Tuanze na dada aliyekaa nyuma, mwenye mtandio wa kijani, ambaye tangu nilipoitaja Avatar amenikunjia uso.